Haki ya Kupita Mulomba

Mwizi wa mazuti hana kazi na mayai ya samaki. Inspekta Damien Kyomba wa parke, ofisi ya mashtaka ya Kalemie, alijisemea maneno hayo kwa sauti, amepiga magoti kwenye sakafu ya biro yake, mbele ya chupa za bia alizokuwa amezijaza tangu asubuhi.

Alikuwa amemimina ndani yake kile kilichokutwa kwenye bidoni, dumu la manjano la mvuvi Pontien Kansabala, kisha akaziacha zitulie. Sasa zilikuwa zimetulia. Juu palikuwa na mazuti, mafuta ya meli, meusi, mazito, yenye harufu ya sabuni. Chini yake maji ya ziwa. Chini kabisa mchanga, na juu ya mchanga punje ndogo za manjano zilizoshikamana. Damien aliitoa moja kwa kijiti, akaibonyeza kwa ukucha, ikapasuka. Mtoto wa ziwa hahitaji kuambiwa hilo ni nini. Lilikuwa yai la kuhe, samaki mkubwa wa ziwa hilo.

Kesi yenyewe ilikuwa imefungwa kabla ya kufunguliwa. Siku chache nyuma mazuti yalikuwa yamefunika ghuba ya Mulomba, kusini mwa mji, njia ya kwenda Mpala, na samaki wakaelea matumbo juu. Kabla mwanakijiji yeyote hajafika parke kulalamika, alifika Kapiteni Théophile wa meli ya mafuta Neema ya Ziwa, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, akaketi kwenye kiti cha mbele ya meza ya Damien na kueleza kwa utulivu kwamba mvuvi mmoja alikuja na mtumbwi kando ya meli yake bandarini, akaiba mazuti, kisha akayamwaga akikimbia nayo nyumbani. Askari walikwenda Mulomba. Wakakuta mtumbwi, ndani yake bidoni ya mazuti, na kando yake Pontien, mikono myeusi hadi viwikoni. Nani angetaka zaidi?

Damien mwenyewe hakutaka zaidi, mwanzoni. Alichofikiri ni kwamba Pontien hakuiba bali aliuziwa na mabaharia, maana Kalemie nzima inajua mabaharia huuza mazuti ya tajiri wao kama mama anavyouza maandazi. Alipoteza siku nzima sokoni akiwauliza walanguzi. Hakuna aliyemjua Pontien, na mmoja alimcheka waziwazi: mvuvi anayepiga kasia, mazuti ya nini? Mtumbwi wake hauna hata injini. Ndipo Damien alipoirudia bidoni na kufanya kile alichopaswa kukifanya siku ya kwanza, yaani kuangalia kilichomo.

Akamwambia askari amlete Pontien kutoka kasho, chumba cha mahabusu.

Pontien aliingia akikunja macho kwa sababu ya mwanga. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, na ngozi ya mikono yake ilikuwa imeanza kutoka kwa ukali wa mazuti. Nje ya dirisha mke wake Adolphine alikuwa amekaa juu ya jiwe na sufuria ya chakula iliyofunikwa kwa sahani. Walinzi walikuwa hawajamruhusu kuingia tangu jana.

"Kaa, Papa Pontien," Damien alisema. "Hii mazuti, ulichota wapi?"

"Nilikwisha kusema, Inspekta. Juu ya maji."

"Sema tena. Safari hii ninasikia."

Pontien alimtazama kwanza, kama anayepima kama maneno hayo ni ya kweli. "Ghuba yetu ilikuwa imefungwa. Wazee waliweka matawi ya ngazi, muti wa mawese, ku nguzo, huku na huku. Kuhe wakianza kutaga, hakuna muntu anatupa wavu pale, hata mutoto haogi. Ile njo desturi. Asubuhi ile tunasikia harufu. Tunakimbia. Maji yote nyeusi."

"Ukafanya nini?"

"Nikachota. Na sahani. Ile ilikuwa inaelea, nilikuwa ninaiondosha pole pole, ninaweka mu bidoni. Adolphine yeye alitandika kikwembe chake cha kujifunga juu ya maji, kinanywa mazuti, anakikamua, anatandika tena. Tulifikiri tukiiondosha mbio, haitashuka ku mayai." Alitazama mikono yake. "Ilikwisha kushuka."

"Kuhe hawakukimbia?"

"Kuhe hakimbie mayai yake, Inspekta. Bwana na bibi, wanazunguka tu. Walikufa pale pale, juu ya mayai."

Hasira ilimpanda Damien taratibu, na wala hakujaribu kuishusha. Mtu ametumia mikono yake kuokoa maji ya watu wote, na serikali imemfunga kwa sababu mikono yake ni michafu! Alikuwa ametumikia parke miaka mingi na ameona mambo ya aibu, lakini hili lilimfanya aone haya hata kumtazama mtu huyu usoni.

"Meli uliiona?"

"Kulikuwa ukungu. Nilisikia injini nyuma ya jiwe la Mulomba. Kisha ikanyamaza, ikabaki sauti ingine, sawa pompe ya maji. Lakini kuona, sikuona."

Jibu hilo la haki lilimuumiza Damien zaidi kuliko uongo. Mwongo angesema ameona bendera na jina la meli na rangi ya shati la kapiteni.

Alichukua chupa moja, akaifunga mdomo kwa karatasi, akapanda ngazi kwenda kwa Prokirere, mkuu wa mashtaka.

Prokirere Grégoire Mukalay bado alivaa abakosti, koti lisilo na tai la siku za chama kimoja. Tai zilikuwa zimeruhusiwa tena nchini, majina ya ubatizo yamerudi, watu wamechoka kuitana sitwaye, yaani raia, lakini yeye alikuwa anangoja kwanza kuona upepo utageukia wapi. Ndivyo alivyofanya kila kitu. Aliitazama chupa mezani pake kama mtu aliyeletewa panya.

"Nini hii?"

"Ushahidi, Bwana Prokirere. Mazuti, maji ya ziwa, muchanga na mayai ya kuhe, vyote kutoka bidoni moja. Mwizi anachota mazuti mu tangi la meli. Mayai ya samaki yalifika namna gani mu tangi la meli?"

"Mayai hayasemi, Damien."

"Haya yanasema."

"Hayasemi mbele ya tribinali." Prokirere aliisukuma chupa kwa kalamu. "Sikiliza. Neema ya Ziwa inamaliza kupakia mawese mchana huu, inaondoka. Mvuvi wako anapanda treni ya Lubumbashi pamoja na wafungwa wengine. Mwizi wa mali ya meli ya kigeni hawezi kuhukumiwa hapa kwetu kama mwizi wa kuku."

"Na meli?"

"Meli ina bendera ya ng'ambo. Ziwa hili ni la nchi nne. Toka zamani za mikataba ya Wazungu, kila meli ina haki ya kupita, kubeba mizigo yake na kwenda zake. Leo nikifunga hii kwa sababu ya samaki, kesho za kwetu zitafungwa Kigoma na Bujumbura. Utakula chumvi ya wapi? Hospitali itawasha jenereta na nini?"

Hilo lilikuwa kweli, na Damien alijua. Kalemie inaishi kwa meli. Reli inapolala wiki nzima, na huwa inalala, ni ziwa linaloleta chumvi, sabuni na dawa. Hakuna mtu mwenye akili anayetaka kuifunga njia hiyo. Lakini kwa nini haki ya njia igeuke kuwa haki ya choo?

"Sikuombi kufunga ziwa," alisema. "Ninaomba kujua nani alimwaga."

"Basi niletee muntu aliyeiona meli Mulomba. Aliyeiona kwa macho, si kuisikia. Mpaka mchana." Akainamia karatasi zake.

Damien aliteremka hadi bandarini kwa miguu, kofia mkononi, akitembea haraka mno kwa mtu wa umri wake.

Neema ya Ziwa ilikuwa imeegeshwa gatini, mabomba ya mawese yameingia tumboni mwake. Kapiteni Théophile alimpokea juu kwa ukarimu mkubwa, akamvutia kiti, akaita bia baridi. Damien aliiacha ipate joto.

"Nionyeshe njia uliyopita kutoka Moba."

Kapiteni alikunjua ramani na kupitisha kidole katikati ya ziwa, mbali na pwani zote. "Hapa. Kina kirefu, maji mengi. Mulomba yenu sijui hata iko upande gani."

"Siku ile upepo wa kusini ulikuwa mukali."

"Meli yangu si mtumbwi, Inspekta."

"Ulishusha mazuti Moba, hapa unapakia mawese. Tangi uliosha wapi?"

Kidole cha Kapiteni kilisimama kidogo juu ya ramani. "Moba. Gatini."

"Na maji uliyooshea?"

"Moba pia. Waulize."

Alisema hivyo akitabasamu, kwa sababu alijua. Kuuliza Moba kwa phonie, redio ya misheni, kungoja aliye upande wa pili atume mtu gatini, kungoja arudi na jibu, kungechukua siku nzima, na meli isingengoja hata nusu yake. Damien aliomba kuona tangi la akiba, lile ambalo lilikuwa halijajazwa. Akainama mlangoni mwake na kunusa. Sabuni. Harufu ile ile ya chupani. Lakini sabuni iko kila mahali, na Kapiteni aliyesimama nyuma yake angesema hivyo hivyo.

Tangi kubwa la kusafirishia mafuta huoshwa watu wakiwa ndani yake, na ngazi, na mipira ya maji. Damien alijaribu kuwaza watu hao wakiserereka ndani ya meli inayoyumba katikati ya ziwa siku ya upepo wa kusini. Haiwezekani. Atakayeosha njiani lazima atafute mahali palipotulia, nyuma ya rasi, nyuma ya jiwe kubwa. Na kati ya Moba na Kalemie, jiwe kubwa la kuzuia mawimbi ya kusini ni lile la Mulomba. Hata hivyo, kuwaza hakukuwa macho, na Prokirere alitaka macho.

Alizunguka meli taratibu, upande wa kulia, kisha wa kushoto. Karibu na mlango wa jiko, juu ya chuma cha ukingo wa kushoto, aliona doa jeupe la ukubwa wa kiganja, limekauka na kupasukapasuka. Alilikwangua, akaweka ncha ya kidole ulimini. Unga wa muhogo.

Watu wengine wangefikiri mpishi ametikisa kitambaa. Damien alizaliwa Kirungu, mama yake Mtabwa, na kila walipopita kwa mtumbwi chini ya jiwe la Mulomba mama huyo, Mkatoliki wa kukesha na rozari, alikuwa akichovya mkono kwenye mfuko wa unga na kumtupia ngulu, roho mwenye jiwe, huku akitaja majina ya waliomo mtumbwini. Mapadri walikuwa wamekemea hadi wakachoka. Hakuna mtu wa pwani hiyo anayepita pale bila kusalimia. Na upande wa kushoto ndio unaotazama nchi kavu kwa meli inayotoka kusini.

Aliingia jikoni. Mpishi alikuwa mtu mnene wa makamo, msalaba mdogo shingoni, anamenya vitunguu.

"Jambo, Papa. Jina?"

"Déogratias, Inspekta."

"Mutu wa wapi?"

"Mpala."

"Ah, ndugu yangu kumbe! Mulipita wapi mukitoka Moba?"

Kisu kilisimama. Kisha kikaendelea. "Katikati ya ziwa. Sawa vile Kapiteni anasema."

"Hujasikia Kapiteni amesema nini. Ulikuwa huku."

Kitunguu kilimliza Déogratias, au labda si kitunguu.

"Sawa," Damien alisema, akatoa kalamu na karatasi kwa utaratibu wa makusudi. "Ninaandika, kisha unatia sahihi. Miye, Déogratias wa Mpala, nilipita mbali na Mulomba, sikumusalimia, sikumutupia kitu."

"Usiandike vile, Papa!"

"Juu ya nini nisiandike? Njo maneno yako. Katikati ya ziwa muntu anasalimia nani?"

Mpishi aliweka kisu chini. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Damien aliona vizuri kwamba anamtesa mtu, na kwamba mtu huyo anapimwa kati ya hofu mbili, ya mwajiri na ya jiwe. Hakufurahi. Lakini Pontien alikuwa kasho, na mabomba ya mawese yalikuwa yanakaribia kunyamaza.

"Papa Déogratias, mutarudi njia ile ile. Utapita pale na karatasi inayosema hukumusalimia?"

"Nilimusalimia!" Sauti ilimtoka kubwa, akaishusha. "Nilimusalimia, Inspekta. Nilitupa unga na mukono wa kuume, nikataja mama yangu na watoto. Sijapata kupita bila kumusalimia tangu nizaliwe. Nikikana ile, nitakufa maji."

"Jiwe lilikuwa mbali?"

"Mbali namna gani? Ningetupa chungwa, lingeligonga."

"Meli ilipita tu?"

Déogratias alitazama mlango. Hakukuwa na mtu. "Ilisimama. Kapiteni alisema huku nyuma ya jiwe hakuna mawimbi, wateremuke wafanye tangi propre, mawese yanangojea. Waliosha. Pompe ililia mpaka ugali wa watu wote ukaiva. Upande huu ninatupa unga mweupe, upande ule pompe inatapika nyeusi." Alijifuta uso kwa aproni. "Nilimuomba Mulomba samahani. Nilimuambia si miye."

"Matawi uliyaona? Ya kufunga ghuba?"

"Niliyaona. Nilimuambia Kapiteni, Papa, hapa wamefunga, kuhe wanataga. Alicheka. Alisema, kuhe watoe vizuizi vyao, meli inapita."

"Utasema haya mbele ya Prokirere?"

Mpishi alifungua aproni yake, akaikunja vizuri na kuiweka juu ya gunia la unga. "Kazi ya kupika iko popote," alisema. "Twende."

Kapiteni Théophile aliwafuata hadi parke kwa hiari yake, akiwa bado mtulivu, na pale ofisini kwa Prokirere alimsikiliza mpishi wake hadi mwisho bila kumtazama. Damien alitegemea atakana. Badala yake Kapiteni alipandisha mabega.

"Haya. Nilipita Mulomba. Nikasimama, nikaosha. Kwa hiyo? Kuna boya pale? Kuna taa? Kuna ramani hata moja iliyoandikwa hapa marufuku? Nitasimamisha meli ya kimataifa kwa sababu ya matawi ya ngazi?"

"Umekubali," Damien alisema.

"Nimekubali nini? Haki yangu? Bwana Prokirere anaijua sheria kuliko sisi. Njia ya ziwa iko huru."

"Huru kupita!" Damien aliinuka kitini bila kujijua. "Huru kupita, si kusimama na kutapika. Hata kule bahari ya chumvi, mkataba ambao nchi hii imekubali unasema meli ipite kwa amani, na ikichafua maji kwa makusudi, ile si kupita kwa amani tena. Njia ya watu wote mbele ya mulango wangu, wote wapite! Lakini nani alikupa ruhusa ya kujisaidia ku mulango wangu kwa sababu unapita?"

"Damien, kaa," Prokirere alisema. Alionekana kuchoka kweli, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana pia kuona haya. "Mkataba ule ni wa bahari. Hili ni ziwa. Kwa ziwa hili nchi nne zimeandika jinsi ya kupita. Jinsi ya kuchunga maji hazijaandika kitu. Nikiishika meli hii, ng'ambo watauliza nimeishika kwa sheria gani, nami sina."

Kapiteni aliichukua kofia yake mezani. "Basi. Mvuvi wenu mumuachilie, sina ubaya naye. Ilikuwa makosa tu."

Makosa tu. Damien alimwangalia mtu yule akisimama na kujipangusa suruali, na hasira yake, iliyokuwa ikichemka tangu asubuhi, ilitulia ghafla na kuwa baridi. Makosa tu! Mtu anawahi parke akiwa wa kwanza, kabla ya wenye samaki, na hadithi iliyopikwa ikaiva, anamtwisha maskini mzigo wake mwenyewe, kisha anauita makosa.

"Bwana Prokirere," alisema taratibu, "una haki. Meli tuiache. Hakuna muntu ataigusa."

Kapiteni alitabasamu.

"Lakini nina swali moja kwa Papa Kapiteni. Ulipokuja kutuambia Pontien ameiba mazuti kando ya meli yako, ulikuwa umemuona?"

"Nimekwisha kusema ilikuwa makosa."

"Ulikuwa unajua mazuti ya Mulomba yametoka wapi. Umekubali sasa hivi, mbele yetu, kwamba uliyatoa mwenyewe. Ukaja ukamushitaki muntu mwingine, kwa ofisa wa serikali, ukatia sahihi. Maneno yale uliyasema wapi? Katikati ya ziwa? Juu ya meli yenye bendera ya ng'ambo?"

Tabasamu la Kapiteni halikutoweka, lilibaki tu mahali pake bila kazi.

"Uliyasema ku biro yangu, chini pale, ku kiti changu. Kile kiti hakielei. Kiko Kalemie, na Kalemie sheria ya nchi hii inatosha. Kumushitaki muntu kwa uongo ili afungwe, njo kosa. Hakuna mukataba wa maji unaoligusa."

Prokirere alikuwa amegeuza kichwa kuelekea dirishani, ambako ziwa lilionekana kati ya mabati ya nyumba. Damien alimjua: alikuwa anapima upepo. Alikuwa anahesabu nani atapiga simu, na kutoka wapi, na atasema nini. Lakini pia alikuwa mtu wa sheria kabla hajawa mtu wa woga, na hapa mbele yake kulikuwa na kosa safi, lililoungamwa, lililofanyika nchi kavu, ambalo halikuhitaji kushika hata kamba moja ya meli ya mtu. Alivuta karatasi. Kalamu yake ilikwaruza kwa muda.

"Pontien Kansabala aachiliwe," alisema bila kuinua uso. "Théophile abaki."

"Meli inaondoka mchana huu!" Kapiteni alipaza sauti. Lilikuwa jambo la kwanza kulisema bila kulipima. "Bila mimi haiwezi kuondoka! Mawese yale yanangojewa!"

"Meli haijazuiliwa," Prokirere alisema, akigonga mhuri. "Andika hivyo pia, Damien. Ng'ambo wakiuliza."

Mfa maji haachi kutapatapa. Kapiteni alitaja wakubwa, akataja tajiri wa meli, akataja waziri, na mwisho akageukia mahali alipokuwa Déogratias, akamuita mchawi na mla unga. Mpishi alikuwa ameshatoka.

Damien alimshusha mwenyewe hadi kasho. Askari alifungua, na Pontien alitoka akiwa ameinama kwa sababu mlango ni mfupi. Alimuona mtu wa shati jeupe amesimama pale, akaelewa. Alijisogeza ukutani, kwa adabu, ili yule apate nafasi ya kuingia.

Adolphine alikuwa ameinuka kutoka kwenye jiwe lake. Alishika mikono ya mumewe, akaigeuza, akaona ngozi, akafyonza kwa uchungu. "Na ghuba, Inspekta?" aliuliza. "Itapona? Nani atailipa?"

"Bado, Mama." Alitamani kumwambia jambo kubwa zaidi, na hakulipata. "Kwa sheria zilizopo, nimemupata muongo. Mumwagaji bado."

"Ni muntu mumoja."

"Ni muntu mumoja. Lakini sheria haijatosha."

Adolphine alikubali kwa kichwa, kwa sababu hakudanganywa. Ndipo bandarini honi ya Neema ya Ziwa ilipolia, ndefu, inaita kapiteni wake. Watu barabarani waligeuka. Ikalia tena. Ndani ya kasho Kapiteni Théophile alianza kugonga mlango kwa ngumi zote mbili, na askari akamtazama Damien kama anayeuliza kama afungue, walau amsikilize.

"Acha ilie," Pontien alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kupandisha sauti. "Acha ilie, ilie mpaka ikauke! Kuhe wetu walikuwa na honi? Nani aliwasikia?"

Honi ililia mara nyingine. Adolphine alifunua sufuria na kumkalisha mumewe pale pale kwenye jiwe, mbele ya parke, ale.